Hapana Tatu za Curt Bruening

"Milango arobaini na mmoja," alisema Marlys Tollefsrud, akajitupa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua koti. "Kumi na tisa wamenifungulia. Wote wametabasamu. Verlyn, sijachekewa hivi tangu nizaliwe, na sina hakika na hata kura moja."

Mumewe alikuwa anakula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, moja kwa moja kutoka kwenye sinia. Verlyn alikuwa dereva wa lori la maziwa. Aliamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu kuzungukia mazizi ya watu, na ikifika Jumapili mchana mwili wake wote ulikuwa unadai usingizi.

"Si ungebaki nyumbani," alisema. "Miguu yako imekukosea nini?"

"Mama yako nani atamtembelea akishahamishwa maili tisini? Wewe, na lori la maziwa?"

Verlyn alitazama mlango wa friji, kisha akajuta kuutazama. Pale Marlys alikuwa amebandika karatasi, ameiandika kwa kalamu nene ile anayoandikia ratiba ya chakula shuleni, maana yeye alikuwa mpishi wa shule. Ilikuwa na tarehe tatu, na mbele ya kila tarehe neno moja: HAPANA. Mara tatu mswada wa kuzisaidia kaunti kutunza nyumba zao za wazee ulipelekwa kwenye bunge la jimbo huko Madison, mji mkuu wa jimbo, na mara tatu ulianguka kwa kura moja. Mara zote tatu mjumbe wa wilaya yetu, Curt Bruening, alisema hapana. Kaunti ilikwisha kutangaza kwamba ukianguka mara ya nne, Nyumba ya Wazee itauzwa, na wazee wote watatawanywa popote patakapopatikana kitanda. Ardis, mama yake Verlyn, mwenye miaka themanini na minane, alikwisha kuandikiwa barua inayomtajia mji ambao hakuwahi kuukanyaga.

"Curt ni mtu mwema," alisema Verlyn.

"Nimesema si mwema?"

"Alilala kifudifudi juu ya barafu ya ziwa kwa ajili yangu, Marlys. Barafu imepasuka, lori limeshazama, maji yamenifika shingoni. Watu wengine walisimama ufukweni wanaita majina. Yeye alikuja na ngazi, akatambaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa unataka nifanye nini?"

"Mimi nasema juu ya mkono wake," alisema Marlys polepole, maana jambo hili alikuwa ameliwaza barabarani mlango baada ya mlango. "Akiwa hapa, mkono wake unakuvuta majini. Akifika Madison, mkono huohuo unabonyeza hapana dhidi ya mama yako. Ni mkono mmoja, Verlyn. Huwezi kuushukuru huku ukajifanya huuoni kule."

Verlyn alikwangua sinia. "Daktari wa ng'ombe," alisema mwishowe. "Mnataka kumpeleka daktari wa ng'ombe bungeni badala yake."

"Renata Kubiak ametia mkono ndani ya nusu ya ng'ombe wa wilaya hii. Madison haitamtisha." Marlys alivua kiatu kimoja. "Utampigia nani?"

"Kura ni siri."

"Hata kwa mkeo?"

"Hasa kwa mkeo."

Verlyn alikwisha kutuma karatasi yake ya kura kwa posta, kama afanyavyo kila mwaka kwa sababu ya kazi yake. Marlys alikuwa ametia sahihi ya ushahidi kwenye bahasha huku mume amempa mgongo na kuikumbatia karatasi kama mtoto anayeficha majibu ya hesabu. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na hakujua kilichokuwa ndani.

*

Ijumaa jioni watu wote wa mji wetu, Ostrander, hula samaki wa kukaanga kwenye mgahawa wa Zastrow. Unaandikisha jina, unasubiri kaunta na bilauri ya brandi tamu, unaitwa. Kwa miaka ishirini Verlyn na Marlys walikuwa wakikalishwa dirishani. Ijumaa ile, Deb mhudumu aliwapitisha meza nne tupu za dirishani, akawakalisha kando ya mlango wa jikoni, mahali ambapo kila sinia lililotoka lilikugusa sikio.

"Leo pamejaa kidogo," alisema Deb, akitabasamu kwa meno yote.

Watu wa huku hawatukani. Nimeishi nao miaka mingi na sijasikia tusi moja la maana. Watakwambia kofia yako ni ya tofauti kidogo, nawe utakwenda nayo nyumbani ukaichome moto. Marlys aliipokea meza ile, akafungua kitambaa chake, akaagiza samaki wawili.

Curt aliwafikia kabla ya kachumbari ya kabichi. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mkewe Janelle alikuwa nyuma yake na sweta jeupe.

"Shemeji!" alisema Curt. "Nasikia umebisha hodi mpaka kwa mama yangu mzazi!"

"Nilibisha. Akanipa keki."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamsomea kura zako tatu."

"Akasemaje?"

"Akasema hashangai. Eti neno lako la kwanza utotoni lilikuwa hapana."

Meza za jirani ziliangua kicheko, na Curt alicheka kuliko wote, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Janelle hakucheka. Aliweka vidole viwili begani kwa Marlys. "Una ujasiri, mwenzangu," alisema kwa upole. "Mimi kumsema jirani mlangoni kwa watu, nisingeweza. Ningeona haya."

Hapo ndipo Marlys alipopaswa kunyamaza. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza mahali kama hapo. Kumbe kuna siku mtu hutafuta ukimya wake wa kawaida asiuone.

"Curt," alisema, "Ardis atakwenda wapi?"

Uma zilisimama. Mpishi alichungulia kwenye dirisha la jikoni.

Curt alikohoa. "Shemeji, mambo ya Madison hayako hivyo. Kuna kodi, kuna bajeti ya miaka miwili, kuna kaunti sabini na mbili zinavuta shuka moja. Si kama kupika mchuzi wa watoto shuleni."

"Ni kweli," alisema Marlys. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndiyo maana ilisikika mpaka kaunta. "Mimi napikia watoto mia tatu na ishirini kwa pesa ninayopewa. Kuna siku haitoshi. Nakata karoti nyembamba. Lakini sijapata kumwambia mtoto hata mmoja, wewe nenda ukale maili tisini kutoka hapa."

Mtu mmoja kaunta alipiga makofi mara moja, akajishtukia, akajifanya alikuwa anaua nzi, na ilikuwa Oktoba, baridi imeshawamaliza nzi wote. Hakuna mwingine aliyejitikisa. Uso wa Curt ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimgusa Verlyn begani, akalipia vinywaji vyao, akaondoka. Verlyn alikuwa anamtazama samaki wake kana kwamba ndiye atakayempa shauri.

Walipofika nyumbani Verlyn alizima gari.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimemuuliza swali."

"Siku ile ziwani hakuniuliza swali."

Marlys alilia kidogo akiwa anavua viatu, maana lile alilolisema mume lilikuwa kweli nalo, na hakujua kweli mbili zinakaaje ndani ya nyumba moja. Jumatatu jioni baada ya kazi alitoka tena, milango thelathini.

*

Juma lililofuata alimpelekea mama mkwe karatasi yake ya kura. Ardis alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anafuma soksi ambayo haikuwa na mwenyewe. Masikio yalikuwa yamechoka lakini kichwa kilikuwa kizima.

"Mama, kura yako. Piga, utie kwenye bahasha, utie sahihi. Mimi ndiye shahidi."

"Haya. Toka."

"Sheria inasema nibaki humu chumbani. Nageuza uso tu, sioni kitu."

"Marlys, mwanangu. Nimepiga kura miaka sitini na saba. Marehemu Alvin alikuwa anakwenda kusimama barazani, theluji au mvua, mpaka nimalize. Mume wangu! Sasa ubaki wewe? Toka nje. Kuna biskuti kwa muuguzi."

Unamwambia nini bibi wa miaka themanini na minane? Marlys alitoka. Alikula biskuti mbili za asali mwishoni mwa korido, akazungumza na muuguzi kuhusu goti lake. Alipoitwa, bahasha ilikuwa imefungwa, na sahihi ya Ardis ilikuwa juu yake, imetetemeka lakini imenyooka. Marlys alitia sahihi yake chini, mahali pa shahidi, na anwani. Mawazo yake yalikuwa kwenye sufuria za kesho. Maandishi madogo ya juu ya sahihi hakuyasoma, kama sote tusivyoyasoma.

*

Wilaya yetu ni ya kupinduka, leo huku kesho kule, lakini mambo kama ya mwaka ule hayajapata kuonekana. Kura zilipigwa zaidi ya elfu ishirini na saba. Usiku wa matokeo Curt alikuwa mbele kwa nne. Wakaamua kuhesabu upya, mji kwa mji, kwa mkono. Mji mmoja wakaona tarakimu imeandikwa vibaya, mwingine wakakuta karatasi mbili zimeshikana. Nne zikawa tatu, zikawa moja, zikavuka upande wa pili. Ilipobaki Ostrander peke yake, mji wa mwisho, Renata Kubiak alikuwa mbele kwa kura moja.

Kura moja! Watu walikuwa wanaitamka kwa sauti ya chini dukani, kama wanavyotaja maradhi. Kila mmoja alikumbuka binamu aliyeshikwa na mafua siku ile, jirani aliyesahau, bibi aliyefariki Jumapili kabla ya Jumanne ya kura. Mama Hoffstetter, aliyempigia Renata kura njiani akienda kununua chumvi, alianza kutembea kifua mbele kama jenerali. Huwa tunaambiwa kila siku kwamba kura yako moja ni kitu, na tunaitikia kama tunavyoitikia kanisani. Sasa kitu chenyewe kilikuwa kimesimama mbele yetu, na tuliogopa.

Alhamisi saa tatu asubuhi walikusanyika kwenye kituo cha zimamoto. Magari yalikuwa yametolewa nje, meza ndefu zimepangwa, birika kubwa la kahawa liko nyuma. Karani wa kaunti, Bi Lavonne Prochnow, alikuwa mbele, na miwani yake kwenye kamba. Wahesabuji walikuwa ni watu wa hapahapa: fundi wa matrekta, mwalimu wa kwaya, mke wa mchungaji. Curt na Janelle walikaa kushoto na mwanasheria wao. Renata alikaa kulia na wake. Wanasheria wote wawili walitoka Madison na viatu vyembamba, na wote wawili walikuwa wanasikia baridi. Marlys alikuwa wakala wa Renata, mstari wa mbele. Verlyn alikuja na nguo za lori, akasimama kando ya birika la kahawa, hakukaa upande wowote.

"Tunaanza na bahasha za kura za posta, sitini na moja," alisema Bi Lavonne. "Nitawasomea kiapo cha shahidi mara moja tu, ili tusipoteze muda." Akavaa miwani. "Nathibitisha kwamba mpiga kura aliyetajwa hapo juu alipiga kura hii mbele yangu, bila mimi kuiona, na kwamba haya ni kweli, nikijua adhabu ya kusema uongo."

Mbele yangu. Marlys aliyarudia maneno yale moyoni. Aliona korido. Aliona biskuti.

Bi Lavonne alianza kuinua bahasha moja moja. Jina la mpiga kura, sahihi, shahidi, anwani. Mwanasheria wa kushoto alitazama, wa kulia akatazama. "Sawa." "Sawa." Kila bahasha ilishikwa kwa mikono miwili, ikageuzwa, ikalazwa taratibu. Mke wa mchungaji alikuwa anamchukia Curt waziwazi, na fundi wa matrekta alikuwa shemeji yake Curt, lakini walikuwa wanapokezana bahasha zile kama watu wanaopokezana kichanga. Mimi nilikuwepo, na nakiri nywele zilinisimama.

"Ya thelathini na nane. Ardis Tollefsrud. Sahihi ipo. Shahidi, Marlys Tollefsrud. Anwani ipo."

"Sawa," alisema wa kushoto.

"Sawa," alisema wa kulia.

Ikalazwa. Ya thelathini na tisa ikainuliwa. Hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Ardis asingesema, muuguzi hakuelewa. Kura ilikuwa moja tu, na kitanda cha mama mkwe kilikuwa juu ya kura hiyo.

Marlys alisimama.

"Bi Lavonne, ile ya thelathini na nane si sawa."

Mwanasheria wa Renata alimshika mkono wa sweta. "Kaa chini, mama," alinong'ona. "Nakuomba sana. Kaa chini."

"Nilitia sahihi kwamba alipiga kura mbele yangu. Sikuwepo. Alinitoa nje, nikaenda kwenye korido. Nilikuwa nakula biskuti."

Mwanasheria wa Curt alikuwa ameshafungua kalamu.

Bi Lavonne alivua miwani. Walikuwa wamesoma darasa moja, yeye na Marlys. "Unajua sheria inavyosema, Marlys?"

"Hapana."

"Bahasha hii inakataliwa. Lakini karatasi yake ilikwisha kutolewa na kuchanganywa na nyingine, hakuna anayejua ni ipi. Kwa hiyo nageuza uso, natia mkono kwenye mfuko wa kura za posta, natoa karatasi moja, yoyote ile. Hiyo ndiyo inayofutwa. Inaweza kuwa ya mtu aliyefanya kila kitu sawasawa."

"Na ikiwa ni ya Renata?"

"Basi wamelingana. Na wakilingana, tunaandika majina mawili tunatia kwenye kofia."

Marlys alimgeukia Renata. Daktari wa ng'ombe alikuwa amefunika uso kwa mikono yake mikubwa. Akaiondoa. "Mwacheni," aliwaambia watu wake. "Ameshasema."

"Shemeji," aliita Curt kutoka ng'ambo, na hakuwa anakejeli. Alikuwa anashangaa kweli. "Ungenyamaza tu. Kwa nini hukunyamaza?"

Marlys alishika meza. "Miezi sita nazunguka kwenye milango ya watu," alisema. "Nawaambia Curt ajibu kwa kile mkono wake ulichofanya. Mkono huu nao uliandika uongo. Sasa nitarudi kwenye milango ile na uso gani?"

Mtu mmoja nyuma alivua kofia, kisha mwingine, kisha wote. Si kwamba waliambiana. Janelle Bruening alitazama sakafu.

Mfuko uliletwa, ukatikiswa mara tatu, ukafunguliwa. Bi Lavonne aligeukia ukuta wenye mipira ya maji, akafumba na macho juu yake, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na majirani sitini na mmoja, na mkono ulikuwa unapita katikati yao ukimtafuta mmoja. Janelle alikuwa anasali. Marlys naye alikuwa anasali, na hakuna shaka walikuwa wanamsumbua Mungu mmoja kwa mambo mawili tofauti.

Karatasi ikatoka. Bi Lavonne aliikunjua, akashuka nayo kwa kidole mpaka kwenye kiti cha mjumbe wa wilaya. Kidole kikasimama.

"Hakuna alama kwa Curt," alisema. "Hakuna alama kwa Renata."

"Haiwezekani," alisema mwanasheria wa kushoto.

"Pameandikwa jina kwa mkono. Kwenye ule mstari wa chini, wa kuandika mtu unayemtaka mwenyewe." Bi Lavonne alivaa miwani. "Imeandikwa Ardis Tollefsrud."

Wanasheria walitazamana. Walikuwa wageni, hawakujua la kufanya na sura zao. Sisi wengine tuligeuka, mji mzima kwa pamoja, tukatazama nyuma. Verlyn Tollefsrud alikuwa amesimama kando ya kahawa na kofia yake amejifunika usoni, na shingo yake ilikuwa nyekundu kama kishungi cha jogoo.

Mara nyingi nimejaribu kuwaeleza watu wa mbali jinsi ilivyokuwa. Karatasi sitini na moja, na mkono wa kipofu ukaenda ukaishika ile moja ambayo haikuongeza wala kupunguza, yenye jina la bibi yuleyule ambaye bahasha yake imekataliwa. Mke wa mchungaji alianza kulia. Fundi wa matrekta alisema, "Mungu wangu," akasema tena, "Mungu wangu," na hakuna aliyemwambia kwamba wakati wa kazi hairuhusiwi kusema.

Bi Lavonne aliandika "imefutwa" juu ya ile karatasi kwa wino mwekundu, akaiweka peke yake. Halafu wakahesabu, kwa sababu kazi ni kazi. Wakahesabu mpaka saa nane mchana, nyingine zote, mara mbili. Hakuna kilichobadilika. Renata Kubiak, kwa kura moja.

Curt alivuka ukumbi kwa hatua nzito. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya Verlyn.

"Ungenipa mimi," alisema Curt, "leo asubuhi tungeingia hapa sawasawa."

"Ndiyo."

"Mimi na wewe, Verlyn. Na barafu ile yote."

"Nilishindwa kukunyima," alisema Verlyn, "na nilishindwa kukupa. Nilikaa na kalamu mpaka ikakauka, Curt. Nikamwandika Mama."

Curt aliangalia nje, ambako magari mekundu ya zimamoto yalikuwa yanashikwa na theluji ya kwanza. "Mama yako alinilisha miaka yangu yote ya shule," alisema. "Kila Jumatano. Na kule Madison, wakati nabonyeza kile kitufe, wallahi hakunijia akilini hata mara moja." Akatoa mkono, ule ule, na Verlyn akaushika. Janelle alikuwa ameshatangulia garini.

*

Mwezi wa Machi mswada ulipelekwa mara ya nne, na ulipita kwa kura moja. Lakini siku ile ya Alhamisi hakuna aliyejua hilo. Verlyn na Marlys walikwenda Nyumba ya Wazee moja kwa moja kutoka zimamoto, na nguo zao zinanuka kahawa, kumweleza Ardis kabla hajaelezwa na mtu mwingine.

Marlys alianza, akaeleza alivyokiri habari ya biskuti mbele za watu wote. Ardis aliacha kufuma.

"Kwa hiyo kura yangu wameitupa. Miaka sitini na saba, na wameitupa."

"Hapana, Mama," alisema Verlyn. Alikuwa amepiga goti kando ya kiti ili sauti yake ifike. "Karatasi yako imebaki, imehesabiwa. Yangu ndiyo iliyotoka."

"Yako? Kwa kosa langu?"

"Ndiyo, Mama. Na nilikuwa nimekuandika wewe."

"Umeniandika nini?"

"Mjumbe wa bunge."

Bibi alimtazama mwanawe, mtu wa miaka sitini na moja mwenye harufu ya maziwa. Akamtazama Marlys ili ahakikishiwe, na Marlys akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Basi nimepata kura ngapi?"

"Moja, Mama. Nayo wameifuta."

Ardis Tollefsrud hakucheka, ingawa midomo yake ilicheza. Aliweka soksi chini, akamshika mwanawe shingoni kwa mikono miwili, akamvuta mpaka paji la uso la mtoto likagusa la mama. Akamshikilia hivyo mchana kweupe, mlango wazi, muuguzi anaona. Watu wa huku hawafanyi hivyo. Marlys alisimama pale pale mlangoni na koti lake, na safari hii hakuna aliyemwambia atoke.